Kuishi Jirani na Kambi ya Jeshi Mkoani Tanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo wakazi wa Tanga mjini, Mkinga na Handeni huyarudia kwenye mikutano ya vijiji, katika ofisi za watendaji na kwenye mabaraza ya nyumba jioni. Kila jibu linajitegemea, na pale jambo lilipokwisha kuelezwa, msomaji anaelekezwa kwenye namba ya swali linalohusika. Mambo ya siri ya ulinzi hayamo, na jirani mwema hayahitaji. Anachohitaji ni kujua mpaka uko wapi, tangazo linatoka kwa nani, na haki yake inadaiwa katika ofisi ipi.

## Mambo ya msingi

1. Je, JWTZ na JKT ni kitu kimoja?

Hapana, ingawa yako chini ya wizara moja, Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, yaani JWTZ, liliundwa tarehe 1 Septemba 1964, na kazi yake kuu ni ulinzi wa mipaka na uhuru wa nchi. Jeshi la Kujenga Taifa, yaani JKT, lilitangulia kwa zaidi ya mwaka mmoja, kwani lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963 kwa ajili ya malezi ya vijana, mafunzo ya awali ya ulinzi na kazi za uzalishaji mali. Maafisa na askari wanaosimamia makambi ya JKT hutoka JWTZ, na ndiyo maana mwanakijiji anayeona kombati zile zile hudhani kuwa hakuna tofauti. Tofauti ipo, na inamhusu moja kwa moja anayetafuta nafasi za vijana (swali la 9 na la 10).

2. Ni kambi zipi zinazojulikana zaidi mkoani kwetu?

Zinazotajwa hadharani kila mwaka, hasa wakati wahitimu wa kidato cha sita wanapoitwa, ni mbili za JKT. Ya kwanza ni Mgambo JKT, kikosi namba 835 KJ, iliyoko Kabuku wilayani Handeni, kandokando ya barabara kuu ya Chalinze kwenda Segera. Ya pili ni Maramba JKT, kikosi namba 838 KJ, wilayani Mkinga, chini ya milima ya Usambara Mashariki na si mbali sana na mpaka wa Kenya. Askari wa JWTZ wapo pia Tanga mjini, jambo lisilo la ajabu kwa mji wenye bandari na ulio karibu na mpaka.

3. Kwa nini jeshi likae karibu na makazi ya watu badala ya kukaa porini peke yake?

Sababu moja ni ya kihistoria, na inafaa kuelezwa kwa utulivu. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi lililorithiwa kutoka kwa mkoloni, waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo leo ni Lugalo. Uasi huo ulizimwa na askari wa Uingereza kwa ombi la serikali, jeshi hilo likavunjwa, na kwa miezi kadhaa nchi ilisaidiwa na kikosi kutoka Nigeria. Jeshi jipya lililoundwa Septemba mwaka huo liliwachukua vijana kutoka JKT na Umoja wa Vijana wa TANU, kwa nia ya kuwa na askari wanaotoka kwa wananchi na kurudi kwa wananchi. Wakati wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mgambo na vijana wa JKT waliingia kwenye mapambano kwa wingi, na vijiji vingi nchini vina wazee wanaoyakumbuka hayo kwa majina ya waliokwenda na waliorudi.

Sababu nyingine ni ya kawaida kabisa: mara nyingi kambi ilitangulia na nyumba zikafuata. Barabara ikitengenezwa, maji yakivutwa na biashara ikianza langoni, watu hujenga kuelekea huko. Jambo hili lina uzito mkubwa katika madai ya ardhi, kama inavyoelezwa katika swali la 15.

4. Tanga imewahi kuwa uwanja wa vita. Je, historia hiyo ina maana gani kwa mkazi wa leo?

Kati ya tarehe 2 na 5 Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wanajeshi wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, waliletwa na Uingereza kwa meli na kushuka eneo la Raskazone. Walishindwa na kikosi kidogo zaidi cha Wajerumani na askari wa Kiafrika chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, ambaye alitumia reli ya Usambara kuleta askari wake haraka kutoka upande wa Moshi. Miezi michache baadaye, Januari 1915, mapigano yalihamia Jasini, karibu na mpaka. Makaburi ya vita hivyo yapo Tanga hadi leo.

Kumbukumbu za vita hivyo huwataja majemadari na nyuki walioshambulia askari. Wapagazi waliochukuliwa vijijini kubeba mizigo ya majeshi yote mawili, na kufa kwa makumi ya maelfu katika vita vyote vya Afrika Mashariki, hawapewi nafasi hiyo. Kwa maoni yangu hawa ndio wanaostahili kukumbukwa kwanza na watu wa mkoa huu, maana walikuwa raia waliobebeshwa vita visivyo vyao. Kulinganisha hali yao na ya mwananchi wa leo, ambaye ana sheria, ofisi na haki ya kuuliza, kunatuonyesha kwa nini haki hizo zitumike bila woga.

## Kambi na riziki ya jirani

5. Kambi inaleta faida gani ya kiuchumi kwa kata inayoizunguka?

Faida ya kwanza ni mishahara. Askari na maafisa wanalipwa kila mwezi, wengi wao wanaishi na familia, na fedha hizo huishia kwa mama lishe, mwenye duka, fundi cherehani, bodaboda na mwenye nyumba ya kupangisha. Katika eneo ambalo mapato ya wengi hutegemea msimu wa machungwa, mahindi au mkonge, mnunuzi ambaye mfuko wake haukauki kwa sababu ya ukame ana thamani kubwa.

Kuna badiliko moja ambalo wafanyabiashara wadogo wanapaswa kulifahamu. Zamani askari walinunua bidhaa nyingi kwenye maduka ya jeshi yaliyosamehewa kodi. Katika bajeti ya 2016/2017 serikali iliondoa msamaha huo na kuweka posho ya fedha badala yake, na kwa hiyo sehemu ya manunuzi iliyokuwa ikibaki ndani ya uzio imetoka nje. Mwenye duka aliye karibu na kambi na bado anaagiza bidhaa kwa mazoea ya zamani anapoteza wateja walio mlangoni kwake.

Hasara nazo zipo. Kodi za nyumba hupanda, na mwalimu au muuguzi aliyehamia kata hiyo hushindana na watumishi wengine kwa chumba kile kile. Aidha, biashara iliyotegemea kundi moja la wateja hutikisika kikosi kinapopelekwa kwenye mazoezi au makuruta wanapomaliza mafunzo na kuondoka kwa siku moja. Afadhali biashara ya langoni iwe na wateja wengine.

6. Kikundi chetu kinalima mboga na kufuga kuku. Tunawezaje kuiuzia kambi?

Manunuzi ya taasisi za umma hufuata Sheria ya Ununuzi wa Umma na hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023. Kikundi kinahitaji kusajiliwa, kuwa na namba ya mlipa kodi na akaunti ya benki, kisha kujisajili katika mfumo huo. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye mtu wa kuanza naye, kwa kuwa anashughulikia usajili wa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Msikubali mtu anayedai kuwa anamfahamu afande fulani na anataka fedha ili awapatie zabuni.

7. Je, raia wanaruhusiwa kutibiwa katika zahanati ya jeshi?

Vituo vingi vya tiba vya jeshi nchini huhudumia raia wanaoishi karibu, kwa utaratibu wa malipo au bima kama vituo vingine. Mgonjwa atafuata masharti ya lango: atajitambulisha, atakaguliwa na kuelekezwa njia. Kwa ugonjwa mkubwa, rufaa huenda hospitali ya wilaya au Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukiacha tiba ya kila siku, katika kuadhimisha siku ya kuundwa kwa JWTZ, tarehe 1 Septemba, ni desturi ya vikosi kuchangia damu, kufanya usafi na kutoa huduma za afya kwa wananchi.

8. Je, michezo inaunganisha kambi na wananchi kweli, au ni maneno tu?

Inaunganisha, na Tanga ina ushahidi wake. Timu ya JKT Mgambo ilicheza Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2012/2013 na kuutumia uwanja wa Mkwakwani, ule ule wa Coastal Union na African Sports. Mashabiki wa mjini walijifunza majina ya vijana wa Kabuku, na Kabuku ikawa na sababu ya kuja mjini siku za mechi. Mwisho wa msimu wa 2015/2016 timu zote tatu za Tanga zilishuka daraja kwa pamoja, na uchungu ule haukubagua raia wala askari.

## Vijana, mafunzo na ajira

9. Mwanangu amemaliza kidato cha sita na jina lake limetoka kwenda JKT. Afanye nini?

Huyo ameitwa kwa mujibu wa sheria. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, na katika miaka ya karibuni mafunzo yamekuwa ya takribani miezi mitatu. Majina na makambi hutangazwa kupitia tovuti ya JKT, na kijana anatakiwa kuripoti katika kambi aliyopangiwa, ambayo si lazima iwe ya mkoa wake. Kijana wa Lushoto anaweza kupelekwa Kigoma, na wa Mbeya akaletwa Maramba.

Tangazo hutaja vifaa vya kwenda navyo, vikiwemo bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni, fulana ya kijani, raba, shuka za bluu bahari, soksi nyeusi, nguo za michezo na nauli ya kwenda na kurudi. Lisomwe lote, kwa sababu mzazi anayenunua kwa kusikia huishia kununua mara mbili. Vijana wenye ulemavu unaoonekana wamekuwa wakielekezwa Ruvu JKT, mkoani Pwani, ambako kuna miundombinu inayowafaa. Kijana mwenye pumu, kifafa au dawa anazotumia kila siku asilifiche jambo hilo kwa kuogopa kurudishwa. Aende na vyeti vya hospitali na awaeleze waganga wa kambi siku ya kwanza. Wazazi wasitegemee simu za kila siku wakati wa mafunzo.

10. Vijana wa kujitolea ni akina nani, na je, wanapata ajira wakimaliza?

Hao ni vijana wanaoomba wenyewe kupitia ofisi za wakuu wa wilaya na mikoa pale nafasi zinapotangazwa, na hukaa kwa mkataba mrefu kuliko wale wa mujibu wa sheria. Sifa za umri na elimu hutajwa katika tangazo la mwaka husika, nazo hubadilika, kwa hiyo tangazo la mwaka juzi lisitumike kama mwongozo.

Kuhusu ajira, JKT lenyewe husema wazi katika matangazo yake kwamba halitoi ajira wala halimtafutii kijana ajira, bali linampa stadi za kumwezesha kujitegemea. Ni kweli kwamba vyombo vya ulinzi na usalama huchukua wengi kutoka miongoni mwa waliopita JKT. Hata hivyo, nafasi ni chache kuliko vijana, na familia iliyouza shamba kwa matumaini kwamba mtoto atakuwa askari imejiweka pabaya. Kijana akiwa kambini ajifunze kwa dhati ufundi anaofundishwa, uwe ujenzi, kilimo, ushonaji au uchomeleaji, kwa kuwa ndio atakaoondoka nao kwa uhakika.

11. Mtu ameomba fedha ili "kuliingiza jina" la mwanangu. Je, kuna malipo halali?

Hakuna. Kujiunga na JWTZ au JKT hakulipiwi. Anayedai fedha ni tapeli hata akiwa na kombati, kitambulisho na picha akiwa amesimama kwenye gwaride. Tunza ujumbe wake na risiti za muamala wa simu, kisha utoe taarifa polisi au TAKUKURU. Kumwonea haya kwa kuwa ni mtu wa mtaani kunampa nafasi ya kumtapeli jirani yako pia.

12. Mafunzo ya mgambo yanayofanyika kijijini yanahusiana na kambi?

Yanahusiana kwa upande wa wakufunzi. Mgambo ni jeshi la akiba, na kila wilaya ina mshauri wa mgambo, ambaye ni mwanajeshi. Mafunzo hutolewa kwenye kata au kijiji, yakihusisha usomaji wa ramani, matumizi ya silaha, sheria na huduma ya kwanza, na vyeti vyake husaidia wanaoomba kazi za ulinzi. Anayetaka kujiunga amwone mtendaji wa kata.

## Mpaka na ardhi

13. Nitajuaje mpaka wa kambi unapita wapi?

Mpaka rasmi ni ule uliopimwa na kuonyeshwa kwa mawe ya upimaji, ambayo wengi huyaita bikoni, pamoja na ramani iliyoko idara ya ardhi ya halmashauri. Uzio, mstari wa miti na mabango ya onyo husaidia, lakini si ushahidi wa mwisho, kwani uzio unaweza kuwekwa ndani ya mpaka. Serikali ya kijiji ina haki ya kuomba kuonyeshwa mpaka, na hatua bora ni kumwandikia mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa mkuu wa wilaya, ikiomba wapimaji, viongozi wa kijiji na wawakilishi wa kambi watembee pamoja mpakani.

Jambo hili nalisisitiza kuliko mengine yote humu. Ugomvi mwingi wa ardhi kati ya raia na taasisi hukua kwa sababu kizazi kilichouona upimaji kimeondoka, na kizazi kilichobaki kinalima kwa kuonyeshwa na babu. Kijiji kitembee mpakani wakati wa amani, vijana wakiwepo, na muhtasari wa siku hiyo uhifadhiwe.

14. Kambi ina eneo kubwa lisilotumika. Je, tunaweza kuokota kuni au kulisha ng'ombe humo?

Si bila ruhusa. Eneo linaloonekana tupu linaweza kuwa la mazoezi au la kulenga shabaha, na hatari yake imeelezwa katika swali la 18. Uongozi wa kijiji unaweza kuomba ruhusa kwa mkuu wa kikosi, kwa mfano ya kupita kwenda kisimani au kukata nyasi kwa siku maalumu. Ruhusa ya mdomo kutoka kwa askari wa zamu haitoshi, kwa kuwa zamu yake ikibadilika na ruhusa inaondoka naye.

15. Serikali ikitaka kutwaa ardhi yetu kwa ajili ya jeshi, tuna haki gani?

Ardhi yote nchini ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 inamruhusu kuitwaa kwa manufaa ya umma. Kwa ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka wanakijiji wajulishwe na wasikilizwe, na inaeleza kwamba uhawilishaji, yaani kuitoa ardhi mikononi mwa kijiji, haukamiliki kabla ya kukubaliana juu ya aina ya fidia, kiasi chake, njia na muda wa kuilipa. Kwa hiyo mkutano mkuu wa kijiji una uzito. Asiyehudhuria na muhtasari usioandikwa hupunguza nguvu ya kijiji kizima.

Fidia haiishii kwenye bei ya ardhi. Kanuni za mwaka 2001 zinataja thamani ya ardhi na maendelezo yake, yaani nyumba, mazao na miti, pamoja na posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, na fidia ya faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Posho ya makazi hukadiriwa kwa kodi ya miezi 36. Sheria ya Uthamini ya 2016 inaweka miezi sita ya kulipa tangu uthamini uidhinishwe, na malipo yakichelewa riba hudaiwa. Uthamini uliopitisha miaka miwili bila malipo hurudiwa.

Siku ya uthamini mwenye shamba awepo, pamoja na mke au mume wake. Ahakikishe kila mti umehesabiwa. Mchungwa unaozaa hauwezi kulipwa sawa na mche, na mnazi wa miaka mingi una thamani yake. Apige picha na abaki na nakala ya fomu aliyotia saini.

Aliyekuwepo kabla ya kambi na hakulipwa fidia ana dai tofauti na aliyejenga ndani ya mpaka baada ya upimaji. Wa kwanza ana haki anayoweza kuidai hata akiwa na ardhi ya kimila isiyo na hati, ilimradi apate mashahidi na kumbukumbu. Wa pili anaweza kutakiwa kuondoka, hata kama mwenyekiti wa kitongoji ndiye aliyemuuzia. Ushauri wa kisheria utafutwe mapema, kwa sababu kuishtaki serikali kunahitaji kutoa notisi ya siku 90 na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu.

## Usalama wa kila siku

16. Tunasikia milio ya risasi na milipuko. Tutajuaje kama ni mazoezi?

Mazoezi makubwa kwa kawaida hutangazwa kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya, watendaji na viongozi wa mitaa, na yakihusu bahari, wavuvi hujulishwa kupitia vikundi vya usimamizi wa fukwe. Tatizo tunaloliona ni kwamba tangazo hufika ofisini likakaa mezani. Serikali ya mtaa ikubaliane mapema na misikiti, makanisa na shule jinsi ya kulisambaza, kwa kuwa mama mwenye mtoto mchanga na mzee mwenye ugonjwa wa moyo hawapaswi kushtukizwa. Ukisikia milio bila tangazo, mpigie mwenyekiti wako kwanza na usisambaze uvumi kwenye makundi ya simu.

17. Je, ghala la silaha linaweza kulipuka kama ilivyotokea Dar es Salaam?

Hofu hiyo ina msingi. Tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya kambi ya Mbagala yalilipuka, na tarehe 16 Februari 2011 ikawa Gongo la Mboto. Watu walikufa katika matukio yote mawili, mabomu yaliruka hadi kwenye makazi, na watoto walipotezana na wazazi wao. Makazi yalikuwa yameyafuata makambi kwa karibu mno, na hapo ndipo mwananchi wa Tanga anapaswa kuchukua tahadhari: asinunue kiwanja kinachogusa uzio wa kambi eti kwa sababu ni cha bei nafuu, na halmashauri isiruhusu ujenzi katika eneo la tahadhari. Mlipuko ukitokea, ondokeni mkiupa mgongo, msisimame kupiga picha, na familia iwe imekubaliana mahali pa kukutana.

18. Mtoto ameokota kitu cha chuma kisichojulikana karibu na eneo la mazoezi. Tufanye nini?

Akiweke chini taratibu pale pale alipo, na wote waondoke. Kitu hicho kisitupwe chooni, kisipelekwe kwa mnunuzi wa chuma chakavu wala kwa mwalimu. Wekeni alama kwa mbali, mtu mzima alinde njia, na polisi wajulishwe ili waite wataalamu wa jeshi. Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, bomu la mkono lililoletwa na mwanafunzi aliyedhani ni chuma chakavu liliua wanafunzi na kujeruhi wengine wengi. Walimu wa shule zilizo karibu na makambi waseme na watoto kuhusu hili kila mwanzo wa muhula.

19. Naweza kupiga picha nikiwa karibu na kambi, au kuvaa nguo za mabaka?

Yote mawili yanakatazwa. Kupiga picha maeneo yaliyolindwa ni kosa chini ya Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970, na anayepiga picha ya harusi barabarani ageuze kamera upande mwingine. Sare za jeshi, au nguo zinazofanana nazo, haziruhusiwi kwa raia. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa wenye nguo hizo kuzisalimisha. Nguo za mitumba zenye mabaka hazina msamaha, kwa hiyo wauzaji wa Mgandini na minada ya vijijini waziondoe kwenye meza zao.

## Malalamiko na mambo yasiyo ya kawaida

20. Wezi wakivamia mtaa, tuite polisi au kambi iliyo karibu?

Polisi. Jeshi huingia katika masuala ya ndani pale mamlaka za kiraia zinapoomba msaada, kama ilivyokuwa Februari 2015 katika mapambano na kundi lenye silaha eneo la mapango ya Amboni, au katika uokoaji baada ya maporomoko ya Hanang ya Desemba 2023. Maombi ya namna hiyo hupitia kamati ya usalama ya wilaya, inayoongozwa na mkuu wa wilaya.

21. Askari amempiga raia kwenye kilabu cha pombe. Je, raia anaweza kushtaki?

Ndiyo. Sare haimwondoi mtu chini ya sheria za nchi. Majeruhi apate fomu ya polisi namba tatu, atibiwe, afungue jalada na kuandika majina ya mashahidi. Sambamba na hilo, mwenyekiti wa mtaa amwandikie mkuu wa kikosi, kwa kuwa jeshi lina nidhamu yake na polisi wake. Njia hizi mbili hazizuiliani. Zikikwama, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko dhidi ya taasisi za umma.

Vijana wa mtaa nao wasilipize. Ugomvi wa watu wawili ukigeuka kuwa wa mtaa na kambi, mwenye haki huipoteza haki yake.

22. Askari amehamishwa akiwa na deni dukani kwangu. Nitalipwaje?

Deni ni lake binafsi, na kikosi hakilipi kwa niaba yake. Hata hivyo, mkuu wa kikosi anaweza kumwita na kumtaka awajibike, hasa kama una daftari lenye tarehe na saini yake. Akikana, fungua madai Mahakama ya Mwanzo. Kwa siku za usoni, weka kikomo cha mkopo na umwandikishe kila mkopaji jina kamili, kwa sababu "Afande Juma" hatafutiki mahakamani.

23. Binti yangu amezaa na askari ambaye sasa yuko mkoa mwingine na hatoi matunzo. Tuanzie wapi?

Anzieni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, mkiwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ujumbe wa simu na ushahidi wowote wa fedha alizowahi kutuma. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake wote, awe amezaliwa ndani au nje ya ndoa. Afisa ataita pande zote mbili kwa mapatano, na baba akikana kuwa mtoto ni wake, mahakama inaweza kuamuru kipimo cha vinasaba.

Msiende langoni kufanya fujo wala kumpeleka mtoto na kumwacha hapo, kama wengine walivyofanya kwa hasira. Mtoto ndiye anayeumia. Mapatano yakishindikana, ombi hupelekwa Mahakama ya Watoto, na amri ya matunzo inamfuata baba popote anapohamishiwa. Nakala ya amri hiyo ipelekwe kwa mkuu wa kikosi chake kipya, na nyingine ibaki kwa afisa ustawi wa jamii.